Mifuko 108

Neno la kwanza kunipotea lilikuwa upawa.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Machi 2022, nyumbani kwetu Likoni, Mombasa. Mchuzi wa papa ushaiva, wali ushapakuliwa, nami nikamnyoshea mume wangu mkono nikasema, "Nipe hiyo... hiyo ya kuchotea." Akacheka. Mwalimu wa Kiswahili, miaka 11 darasani, leo hana jina la upawa! Binti yetu, aliyekuwa na miaka 5, ndiye aliyenitajia: "Upawa, mama." Nikacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba saa ile ile ubongo wangu ulikuwa ukinyimwa damu, kijisehemu hiki na kile.

Kabla ya hapo nilikuwa na wiki mbili za uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ngazi za shule ni ghorofa moja tu, lakini nilikuwa nasimama katikati nikijifanya natafuta kitu mkobani. Mkojo ulikuwa na rangi ya turungi. Miguuni, kutoka vifundoni hadi magotini, palitoka vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, wala haviwashi. Nilikwenda zahanati nikapimwa malaria. Kipimo kikasema sina, nikapewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Pwani ukiwa na homa na uchovu, malaria ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, na mara nyingi huwa ndiyo kweli. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo. Mamangu alishika njia yake: alisema ni kijicho, akaniletea kombe la zafarani lililokoshwa kwa marashi, nikalinywa. Halikunidhuru, na si kila nilichopewa wiki ile naweza kukisemea hivyo.

Ijumaa usiku mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Ulikaa hivyo kama dakika 20, kisha ukarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilitaka kulala. Mume wangu akakataa, akanipakia kwenye gari la jirani, tukavuka na feri.

Hospitalini sista wa zamu alinimulika miguu kwa tochi ya simu, akaniomba radhi, akachukua gilasi ya maji iliyokuwa mezani na kuigandamiza juu ya vidoa. Upele wa kawaida, ukiubonyeza kwa gilasi, hupotea kwa muda kwa sababu damu inasukumwa pembeni. Vyangu havikupotea. Ile ilikuwa damu iliyokwisha kutoka nje ya mishipa. Hakusema neno. Alirudisha gilasi mahali pake na hatua zake za kuondoka zikawa ndefu kuliko zile alizojia.

Majibu ya damu yalitisha. Hemoglobini 6.2. Pleteleti, zile chembe ndogo zinazoziba tundu mshipa ukipasuka, zilikuwa 9,000, na mtu mzima huwa nazo kuanzia 150,000 hadi 400,000. Daktari wa zamu, kijana mwenye haraka na nia njema, akaona lililo wazi: pleteleti zimekwisha, basi tumwongezee pleteleti. Kaka yangu akatumwa kutafuta wachangiaji damu usiku ule ule.

Kilichoniokoa ni slaidi ya malaria, kile kioo chenye tone la damu kinachotazamwa kwa darubini. Iliagizwa kwa mazoea tu, maana hapa kwetu nani hulazwa bila slaidi? Mtu wa maabara alikuwa mzee wa makamo, anayeangalia slaidi za malaria kila siku ya Mungu. Aliombwa kutafuta vijidudu. Hakuviona, na angeandika "hakuna" akaenda kunywa kahawa yake, kazi yake ingekuwa imekwisha. Badala yake, saa nane za usiku, aliinua simu akapiga wodini. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huyu, alisema, zimekatika-katika. Nyingine zimebaki pembe tupu, nyingine zina umbo la kofia ya chuma ya askari. Akaomba daktari bingwa aamshwe, asingojewe asubuhi.

Bingwa alifika kabla ya adhana ya alfajiri, shati kalichomeka upande mmoja. Alinihoji maswali ambayo wakati ule niliyaona ya ajabu. Nimemeza kwinini? Natumia vidonge vya uzazi wa mpango? Nina mimba? Kuna mtu nyumbani kwetu mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe? Baadaye nilielewa kwamba kila swali lilikuwa mlango aliotaka kuufunga au kuufungua. Kwinini, kwa mfano, kwa watu wachache huleta ugonjwa unaofanana na huu, na mwenye kuupata anakatazwa kwinini maisha yake yote. Mimba nayo hukoroga mambo, kwani kifafa cha mimba kina dalili zinazokaribiana nao.

Akaamuru pleteleti zisubiri. Nilipomuuliza kwa nini, naye akijua natoka Likoni, alinieleza kwa nyavu.

Kuta za mishipa yetu, alisema, hutoa protini ndefu mithili ya uzi, inayosaidia pleteleti kunata mahali palipochanika. Ikitoka inakuwa ndefu kupita kiasi. Kwa hiyo ini hutengeneza kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13, ambacho kazi yake ni kuwa mkasi: kinaukata uzi ule vipande vya urefu unaofaa. Kwangu mimi, kinga ya mwili iligeuka ikatengeneza kingamwili, zile protini za kushambulia vijidudu, zikaushika mkasi ule na kuuharibu. Uzi ukabaki mrefu, ukatanda kama nyavu ndani ya mishipa midogo ya ubongo, moyo na figo, pleteleti zikanasa humo kama dagaa. Ndiyo maana hesabu yake ilikuwa imeshuka: hazikupotea, zimenasa. Na chembe nyekundu, zikilazimishwa kupita kwa kasi kwenye nyavu hizo, zinakatwa. "Sasa nikikumwagia pleteleti nyingine, Mwalimu," akasema, "nimeziongezea nyavu dagaa." Angekuwa mtu anayevuja damu ya kumuua, aliongeza, hapo lingekuwa jambo jingine.

Ugonjwa wenyewe una jina refu linalomchosha hata anayelijua, thrombotiki thrombositopeniki papura, na kila mtu huuita TTP. Kwa mwaka huwapata kama watu wazima 3 kati ya kila milioni, wanawake kuliko wanaume, na watu weusi kuliko wengine. Daktari Eli Moschcowitz wa New York ndiye aliyeueleza mara ya kwanza, mwaka 1924, kwa msichana wa miaka 16 aliyekufa baada ya kuugua muda mfupi tu. Kwa miongo mingi baada yake hadithi haikubadilika sana: bila tiba, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 hufa. Nilisoma takwimu hiyo miezi kadhaa baada ya kutoka hospitali, nimekaa barazani, nikaingia ndani nikalala mchana kutwa.

Tiba ni plazma, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiondolewa chembe zake. Plazma ya mtu mwenye afya ina mkasi. Kukutundikia dripu yake kunasaidia, lakini kubadilisha plazma yako yote kwa ya wengine ni bora zaidi, kwa sababu mashine inaondoa pia kingamwili zinazouharibu mkasi. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa 1991 ulilinganisha njia hizo mbili: baada ya miezi 6, waliobadilishwa plazma walikuwa hai kwa asilimia 78, waliotundikiwa tu asilimia 63. Leo, anayewahishwa kwenye mashine pamoja na dawa za kutuliza kinga, uwezekano wake wa kunusurika ni kama 8 au 9 kati ya 10. Yote yako kwenye hilo neno kuwahishwa.

Na hapo ndipo tulipokwama. Mashine ilikuwa Nairobi. Bima ikataka kwanza jibu la kipimo cha ADAMTS13 kinachothibitisha ugonjwa. Kipimo hicho kilibidi kisafirishwe nje ya nchi, damu kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, plazma yake imegandishwa kwa barafu, na jibu ni la siku kadhaa. Bingwa wangu aliwaandikia barua nikiwa namsikia akiisoma kwa sauti kwenye simu. Akawaambia kuna hesabu ya alama 7 wanayoitumia madaktari duniani kote, inayotazama pleteleti, kuvunjika kwa chembe nyekundu, figo, saratani na mengineyo, na mgonjwa wake amepata 6. Akawaambia kwamba ugonjwa huu hutibiwa kwa dhana, uthibitisho hufuata. Wakajibu watalitazama Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi.

Walimu wenzangu hawakungoja Jumatatu. Kufikia saa kumi jioni kulikuwa na kundi la WhatsApp, mchango wa M-Pesa, na mume wa mwalimu mwenzangu aliyepata ambulensi. Nikiwa nimetundikiwa plazma ya benki ya damu ya Mombasa na nimechomwa dozi kubwa ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga, tukaanza safari ya usiku, kilomita 480 hivi. Nakumbuka taa za malori. Nakumbuka sista aliyekuwa akiniuliza kila tukipita mji, "Mwalimu, hapa ni wapi?" Nikajibu Voi. Nikajibu Mtito Andei. Baada ya hapo, mume wangu ananiambia, nilijibu Voi tena mara tatu.

Mashine ya kubadilisha plazma ina ukubwa wa friji ndogo na inazunguka kwa mlio wa cherehani ya umeme. Wanakuwekea mrija mnene shingoni. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Damu inatoka upande mmoja, inachujwa, chembe zako zinarudi pamoja na plazma ya watu wengine, na plazma yako inakusanywa kwenye mfuko mkubwa unaoning'inia pale pembeni. Yangu siku ya kwanza ilikuwa na rangi ya kahawia, kama maji ya ukwaju. Kikao kimoja kilichukua saa tatu na mifuko 12. Midomo ilinichonyota kwa sababu dawa ya kuzuia damu kuganda mashineni hushusha kalsiamu, wakanipa kalsiamu. Siku ya tatu nilitoka mabaka mwili mzima, yanawasha kama nimejipaka upupu, maana mwili ulikuwa ukilalamikia plazma ya wageni. Wakanichoma dawa, tukaendelea.

Kila asubuhi nilisubiri namba moja. Baada ya kikao cha kwanza 11,000. Halafu 24,000. Halafu ikashuka 19,000 nikalia. Halafu 61,000, na siku hiyo nilimwomba mume wangu anitajie vyombo vyote vya jikoni nami nimjibu matumizi yake, tukaenda mpaka kifumbu cha kuchujia tui. Ilipovuka 150,000 siku mbili mfululizo wakasimamisha mashine. Vikao 9, mifuko 108, bila kuhesabu ile ya Mombasa na ya njiani. Kila mfuko ni mtu aliyekaa kwenye kiti akanyosha mkono, kwa hiyo nina watu 108 ndani yangu nisiowajua majina.

Jibu la ADAMTS13 lilirudi nikiwa nimekwisha maliza vikao 7. Asilimia chini ya 5. Kingamwili zipo. Chini ya 10 ndiyo TTP. Bima ikalipokea jibu hilo kwa furaha, ikakubali kulipa sehemu.

Kuna jambo la familia nililosita kuliandika, lakini naliandika. Kipimo kimoja cha mwanzo kilikuwa cha virusi vya Ukimwi. Shemeji yangu mmoja alikisikia, na kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Ukweli ni kwamba virusi hivyo vinaweza kuamsha TTP, na Afrika Kusini wagonjwa wengi wa TTP wanaishi navyo. Huko plazma na dawa za kufubaza virusi hufanya kazi pamoja, na wengi hupata nafuu nzuri. Mimi sikuwa navyo. Ningekuwa navyo ningemshukuru daktari vilevile, maana asingeuliza, angetibu nusu.

Baada ya plazma ikaja rituksimabu, dripu nne, moja kila wiki. Inaangamiza zile seli za kinga zinazotengeneza kingamwili. Kabla ya tone la kwanza walinipima homa ya ini aina ya B, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuamsha virusi vilivyolala kwenye ini. Kama utaandikiwa dawa hii na hujapimwa, uliza. Bila rituksimabu, theluthi hadi nusu ya wagonjwa hurudiwa na ugonjwa.

Ipo dawa nyingine, kaplasizumabu, inayozuia pleteleti zisinate kwenye zile nyavu wakati dawa nyingine zinatafuta chanzo. Ulaya iliidhinishwa 2018, Marekani 2019. Ilibuniwa kutokana na kingamwili za llama, mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia. Mamangu aliposikia hilo akasema, "Unaona? Mtume alikuwa na ngamia." Mimi sikuipata, bei yake haitajiki mbele ya mgonjwa.

Nilirudi Likoni na prednisoloni, steroidi ya vidonge, ya kupunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ilinipa njaa ya mchana na usiku, ikaninyima usingizi, ikaujaza uso wangu ukawa duara. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema, "Mashallah, umenawiri!" Nikawa nashukuru. Ungefanyaje?

Watu hudhani ukitoka hospitali umepona. Hata mimi nilidhani. Kumbe walionusurika wengi hubaki na kichwa kinachouma, kumbukumbu inayoyumba, shinikizo la damu, na huzuni isiyo na sababu ya kutaja. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya kidato cha tatu nikifundisha ngeli, neno linakuja mpaka ncha ya ulimi linarudi. Mwanzoni nilikuwa nageukia ubao nikijifanya nafuta. Mwaka wa pili niliwaambia ukweli, na tangu siku hiyo wananimalizia sentensi, wakati mwingine kwa makosa ya makusudi ili nikasirike. Huzuni ilinichukua muda mrefu zaidi kuikiri. Bingwa wangu wa damu ndiye aliyeniuliza, si mimi niliyesema, na aliponipeleka kwa daktari wa akili mamangu alinuna wiki mbili.

Kipimo cha ADAMTS13 sasa ndiyo kalenda yangu. Mwanzo kila mwezi, kisha kila miezi mitatu, kila mara chupa ya kifuniko cha buluu na barafu na pesa. Kuna mwaka nilitaka kuacha. Nilikuwa najisikia vizuri, pleteleti 230,000, ada ya shule ya mtoto inangoja, nikamwambia daktari safari hii turuke. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, unavyojisikia hakuniambii kitu." Nikatoa damu kwa kumridhisha. Hiyo ilikuwa Agosti 2024. Jibu likarudi asilimia 12, kutoka 74.

Sikuwa na kidoa hata kimoja. Nilikuwa nimetoka kupika pilau ya harusi ya binamu yangu, nimekoroga sufuria ya watu 200. Lakini mkasi ulikuwa unakwisha, na wakingoja pleteleti zianguke tunarudi kule kule kwenye mrija wa shingoni. Nikapewa rituksimabu tena, kwa kuzuia tu, nimekaa kwenye kiti nasahihisha insha huku dripu inaingia. Baada ya miezi miwili ilikuwa asilimia 58. Ukilinganisha na Machi 2022, kurudiwa kwa namna hii ni kama kunyeshewa na manyunyu.

Swali la mtoto wa pili bado liko mezani. Mimba inaweza kuurudisha ugonjwa, ila si haramu: mkasi ukiwa katika kiwango kizuri kabla ya mimba, na ukipimwa mara kwa mara hadi baada ya kujifungua, wanawake wengi hujifungua salama. Sasa natumia njia ya uzazi wa mpango isiyo na estrojeni. Mume wangu anasema mmoja anatosha. Mimi sijasema kitu.

Nyuma ya kifuniko cha simu yangu nimeweka karatasi: nina TTP, namba ya bingwa, msiniongezee pleteleti kabla ya kumpigia, nitazameni slaidi. Mzee wa maabara nilimpelekea mahamri mwaka jana. Hakunikumbuka. Nilipomtajia kofia ya askari akasimama, akavua miwani, akanitazama kama vile ndiyo kwanza anaona rangi.

Na Jumapili jioni, baada ya kuoga, binti yangu hunikagua miguu. Ana miaka 8 na hiyo ni kazi yake, hakubali baba yake aifanye. Ananilaza kitandani, anashika tochi ya simu, anaanzia vifundoni. Jumapili iliyopita alisimama juu ya goti.

"Mama, hapa je?"

"Mbu huyo."

Hakunijibu. Akaenda jikoni, akarudi na gilasi, akaibonyeza kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa mpaka pua ikagusa ukingo.

"Limepotea," akasema, akairudisha gilasi jikoni.